Maneno ya Q Mbele ya Bibi

Laiti ningemkatalia baba mdogo aliposema, "Mjibu kwa Kizungu, msomi!" Ilikuwa jioni, likizo yangu ya kwanza kutoka sekondari ya Tabora, nyumbani Lusu. Harufu ya karanga zinazokaangwa ilijaa uani, na pamba ya msimu ilikuwa imerundikwa hadi dirishani. Bibi, mama yake baba, alishika mwiko akinitania mbele ya majirani. Kwetu Wanyamwezi bibi na mjukuu ni watani: yeye aliniita mume wake, nami nilimwita mke wangu kizee, na hakuna aliyeruhusiwa kununa.

"Mume gani huyu, miguu kama mihogo iliyokosa mvua! Naolewa na mwingine."

Jibu nilikuwa nalo, la meno yake yaliyong'oka, naye alikwishaanza kulichekea kabla sijalitoa. Lakini shuleni tulikuwa tukishindana kuwinda katika kamusi maneno marefu yenye Q, herufi ambayo Kiswahili hakina kazi nayo. Kadiri neno lilivyokuwa la ajabu, ndivyo sifa ilivyozidi. Nikasimama wima. "Loquaciousness," nikatamka. "Quinquagenarian!"

Majirani wakapiga makofi. Bibi akaacha kukoroga. "Maana yake nini, mume wangu? Niambie, nami nikurudishie."

Nikaongeza "sesquipedalian" na kumgeuzia mgongo. Watu wakaangua kicheko, na safari hii walikuwa wakimcheka yeye. Karanga zikaungua.

Asubuhi aliniwekea kiti. "Umeamkaje, baba?" akauliza, kwa adabu ya mtu anayempokea mgeni wa serikali. Nilidhani ni utani mpya, nikangoja kicheko. Hakikuja. Niliona haya kumwomba radhi, kisha haya ikageuka mazoea, na wahenga hawakukosea waliposema majuto ni mjukuu. Siku ya mazishi yake wajukuu wenzangu walilizuia jeneza mlangoni, wakidai mke wao haendi popote bila kuwaaga, na waombolezaji wakacheka huku wakilia. Mimi nilisimama nyuma, pamoja na wageni.

Sasa nami ni babu, hapa Tabora mjini. Wajukuu wangu wanakijua Kiingereza kuliko nilivyowahi kukijua. Hunipa shikamoo, naitikia marahaba, wanarudi kwenye simu zao. Maneno yale ya Q sijayahitaji popote maishani. Bibi aliishi miaka mingi baada ya jioni ile, na hakuniita tena mume wangu.