Kifungo cha Ijumaa Kuu

Nilipokuwa na miaka minane niliamini kwamba nilimvunja baba yangu mguu kwa sindano. Niliamini hivyo kwa sababu nilifundishwa.

Tulipanga chumba mtaa wa Kibokoni, Wakristo peke yetu katika nyumba ile, na baba alikuwa kuli katika bandari ya Kilindini. Ilikuwa miaka ya vita. Meli hazikungoja sikukuu. Wiki ya kuelekea Pasaka mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alituambia kwamba anayeshika sindano au msumari siku ya Ijumaa Kuu anamchoma Bwana Yesu upya, na mtu wa nyumbani mwake hulipa damu hiyo kabla jua halijatua. Hata watu wazima waliamini.

Ijumaa asubuhi baba aliitwa kazini. Mama alikwisha kwenda kanisani.

"Nishonee kifungo hiki, mwanangu."

"Leo haishonwi, baba."

"Haishonwi? Basi niende kifua wazi kama mpiga ngoma?"

Nilicheka, nikashona. Nikajichoma kidole, tone la damu likaingia kwenye shati. Alasiri mahamali walimleta baba juu ya mkokoteni. Magunia yalikuwa yamemwangukia kutoka kwenye winchi, mguu umevunjika. Kifungo changu kilikuwa mahali pake.

Jumapili ya Pasaka nilimwendea mwalimu, nikamweleza, nikitumaini atanifundisha sala ya kutubu. Alinisimamisha juu ya benchi.

"Waambie wenzako ulifanya nini."

Nikawaambia.

"Na baba yako yuko wapi?"

"Kitandani."

"Mmesikia, watoto?"

Siku ya ufufuko, siku ya kuimba kwamba kaburi li wazi, darasa zima lilinitazama kama mchawi.

Baada ya hapo sikumkaribia baba. Chakula chake nilikiweka mlangoni na kukimbia, mpaka siku moja akaniita: "We, kwani nanuka?" Nikamwambia yote, huku nalia. Safari hii hakufanya mzaha.

"Kamba ya winchi ilikuwa imeoza. Tangu Jumatano tulimwambia msimamizi. Kamba, mwanangu. Si wewe."

Alipoweza kusimama, alikwenda kwa mwalimu kwa magongo, nami nyuma yake. Mwalimu hakubisha habari ya kamba. Alisema tu, "Mtoto asipoogopa, hashiki mafundisho."

Nimefundisha watoto maisha yangu yote, na maneno yale bado yananitia hasira. Mtoto aliyeogopa hushika woga, basi. Mimi nilikuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba yule aliyetundikwa msalabani aliwaombea msamaha hata wenye nyundo. Alikubali kuumia yeye, asitafute mtoto wa kumlipisha. Mwalimu wetu aliichukua misumari ile akatubebesha sisi. Na msimamizi aliyeiacha kamba ioze, hakuna aliyemsimamisha juu ya benchi.

Kila Ijumaa Kuu, baada ya ibada, nawapa watoto wangu wa darasani sindano na uzi. Tunashona nguo za wagonjwa huku nikiwasimulia habari za msalaba. Mmoja akijichoma, namfunga kidole, tunaendelea.

Mwalimu yule alikufa zamani. Nilikwenda kumzika, nikaimba pamoja na wengine. Nimejitahidi kumsamehe, na mengi nimeweza. Lile benchi, bado.