Saa Sita ya Ofisini

Niliandika FALAKI kwa herufi kubwa juu ya azimio la kazi, nikapiga mstari chini yake kwa rula, na mpaka leo sijutii neno hilo ingawa ndilo lililonitia matatani.

Nafundisha fizikia katika sekondari moja ya kata wilayani Nachingwea. Kitabu chetu kina sura moja tu ya elimu ya anga, nayo wameisukumia mwisho kabisa, mahali ambapo mwalimu akifika watoto wameshachoka na mtihani unabisha hodi. Miaka yote nilikuwa naifundisha kwa siku mbili. Naandika majina ya sayari ubaoni, wanayanakili, tunafunga kitabu. Mwaka huu nikasema basi. Nikaamua kupanga kozi kamili ya kidato cha tatu, kila Jumatano baada ya vipindi.

Aliyenichokoza ni msichana mmoja wa darasa hilo, anayekaa dawati la mbele na kuuliza maswali hata kengele ikishalia. Siku moja aliniuliza, "Madamu, mama anasema Kilimia kikianza kuonekana mashariki jioni, mvua haiko mbali. Kile kinajuaje?" Mimi nimezaliwa Nandagala, upande wa Ruangwa. Mama yangu naye husafisha shamba kwa kuangalia nyota hizohizo. Nikafungua silabasi nzima nikitafuta mahali pa kulijibu swali lile, sikupaona. Nilikasirika nikiwa nimesimama palepale. Watu wanalima kwa kutazama juu, sisi tunawafundisha watoto wao wakariri umbali wa Neptuni.

Basi nikapanga. Wiki za mwanzo zilikuwa za jua na kivuli, kisha mwezi, kisha Kilimia. Kwenye safu ya vifaa niliandika mpini wa jembe, uzi, jiwe, daftari. Mkuu wa shule aliisoma karatasi akiwa amesimama.

"Darubini iko wapi?"

"Hatuna, mkuu. Tutaanza na mpini wa jembe."

"Na hili neno falaki litaniletea wazazi hapa. Andika astronomia."

Nilikataa. Nilimwambia neno letu tunalo, limo kwenye kamusi, sioni sababu ya kwenda kuazima. Ningeandika astronomia siku ile, mengi yasingetokea. Lakini mimi mtu akinikataza neno langu, masikio yanaziba. Akaguna, akasema kozi haitaingia kwenye ratiba mpaka watu wa ofisini, wa elimu wilayani, waje waione kwa macho. Wakati huohuo niliruhusiwa kuijaribu.

Kuhusu wazazi alisema kweli. Huku kwetu kupiga falaki ni kazi ya mganga. Anakuuliza jina la mama yako, anafungua kitabu chake, anakwambia nani kakuchukulia nyota. Jumatano ya pili yule msichana hakuja. Wenzake wakaniambia baba yake kamkataza, Jumatano zote atakuwa shambani anapalilia ufuta.

Baba huyo ni mkulima, na ndiye muadhini wa msikiti ulio nyuma ya uzio wa shule. Nilimfuata nyumbani kwake nikiwa nimevimba, nimejiandalia maneno njia nzima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Karibu ukae." Akanipa kigoda, yeye akabaki amesimama. "Mwanangu nimemleta asome. Sikumleta aje apigishwe falaki. Hiyo ni shirki, na wewe mtoto wa Kiislamu unajua."

"Baba, sisi tunapima kivuli. Tunasimamisha mpini wa jembe uwanjani, tunaandika kivuli kinavyopungua mpaka jua lifike katikati."

Akadakia: "Kisha linapinduka."

"Ndiyo, kisha linapinduka."

"Sasa hiyo si zawali?" Alikaa chini. "Kule Chiola, nilipokuwa chuoni nasoma Kurani, maalimu wetu alikuwa na kijiti chake uani. Kivuli kikimaliza kupungua kikaanza kurefuka tu, unaadhini adhuhuri. Wewe kwa nini hukusema zawali? Unaleta maneno ya waganga, halafu unanuna."

Maneno niliyoyaandaa njiani yote yakayeyuka. Nilicheka, naye akacheka, na Jumatano iliyofuata msichana alirudi.

Watu wa ofisini walikubali kuja mwishoni mwa Februari, na siku niliwachagulia mimi. Kitabu kinataja jua la utosi la Ikweta na la Tropiki, basi. Hakisemi kwamba linapita na hapa kwetu mara mbili kwa mwaka, Februari na Oktoba, likiwa utosini kabisa hata mpini uliosimama wima unakosa kivuli. Hilo nililipanga kuwa somo la kufungulia kozi. Lilihitaji jua tu, na asubuhi ile mawingu yalitanda. Saa tano yakaachia.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo darasa zima lilikuwa limeshalipima kwa siku tisa. Jua letu halifiki katikati saa sita. Saa tunazovaa zimepangwa kwa mstari unaopita mbali mashariki yetu, kwa hiyo jua linawafikia wa kule kwanza, sisi baadaye. Februari linachelewa zaidi. Msichana alikuwa ameandika kwenye daftari lake: saa sita na dakika thelathini na tisa. Barua ya kuwaalika wageni niliiandika hivyohivyo, saa sita na nusu wawe uwanjani.

Walikuja wawili, saa sita kamili. Wakaenda moja kwa moja kwenye mpini. Kivuli kilikuwa pale, karibu shibiri moja.

"Mwalimu, si tumeambiwa hakuna kivuli?" alisema mkubwa wao. "Hiki nini?"

Nikaeleza. Nilieleza kwa adabu, nikachora mchangani, nikamwita msichana aonyeshe daftari lake. Bwana yule hakulipokea. Aliinua simu yake akanionyesha kioo.

"Saa sita ni saa sita, mwalimu."

"Tunaomba dakika thelathini na tisa tu," nikasema. Niliomba kabisa, mimi nisiyejua kuomba.

Mkuu wa shule akasema chakula kiko tayari. Wakaondoka kwenda ofisi ya walimu, hatua hamsini kutoka pale, kula wali na kuku. Sisi tulibaki juani. Kivuli kikawa nusu shibiri, kikawa upana wa vidole viwili, kikawa uzi. Kisha hakikuwepo. Mpini ulisimama peke yake kwenye mchanga mweupe, na watoto arobaini wakapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia darasani kwangu. Msichana alikimbia kuwaita wageni. Alirudi anatembea.

"Mkuu kasema wageni wanakula."

Muda mfupi baadaye baba yake akaadhini nyuma ya uzio.

Kesho yake mama alinipigia simu kutoka Nandagala. Nilikuwa nimemwambia asimamishe mpini wa jembe lake, kwa kuwa jua likitoka kwetu linaelekea kaskazini, linawapitia Ruangwa siku inayofuata. "Limefika," alisema, "hata kivuli cha kidole hakuna." Mama yangu hakumaliza darasa la nne.

Jibu la ofisini lilikuja baada ya wiki tatu. Shule haina vifaa, na zoezi lililoonyeshwa halikuthibitika kwa kuwa kivuli kilionekana. Kozi isiingizwe kwenye ratiba, na Jumatano zitumike kwa marudio ya mitihani. Nilisoma barua ile mara nne. Mtu amekula wali hatua hamsini kutoka kwenye ukweli, akanawa mikono, akaenda kuandika kwamba haukuwepo.

Nikafanya marudio kama nilivyoamriwa. Jumatano ya kwanza niligawa maswali ya miaka ya nyuma. Mojawapo liliuliza ni saa ngapi kivuli cha mti uliosimama wima huwa kifupi kuliko vyote. Darasa liliinamia karatasi likijibu. Msichana akanyoosha mkono, na daftari lake la vivuli lilikuwa wazi mbele yake.

"Madamu, hapa niandike saa sita, au niandike ile yetu?"

Nilijua wasahihishaji wanataka nini. Nilijua pia kwamba alama moja inaweza kumrudisha mtoto huyu kwenye ufuta moja kwa moja. Wote wakainua vichwa kunisikiliza.

"Andika saa sita," nikamwambia.

Akafunga daftari la vivuli, akaandika.