Maonyo Niliyomsomea Binti Yangu

Kwa zaidi ya miaka ishirini niliendesha lori kati ya Kasese na Butembo, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyenipata kwa kizuizi cha uongo. Nilikuwa nawajua. Afande wa kweli huwa amechoka. Anakaa kivulini, anakuita kwa kidole. Yule aliyefunga kamba yake asubuhi hiyo hiyo hulikimbilia lori, hupaza sauti, hukutajia makosa matatu kabla hujazima injini, kisha hukuambia kwamba kila kosa lina dawa na dawa ni pesa. Madereva wageni waliingia mkenge, nami niliwacheka bila huruma. Lakini hujafa hujaumbika. Nilistaafu, nikakaa sebuleni kwangu Bwera na miwani puani, ndipo mmoja wao akanijia kupitia kompyuta.

Kompyuta yenyewe alinitumia binti yangu, mtoto wangu wa pekee. Alikuwa Kampala, na ofisi yao ilipobadilisha mashine, wafanyakazi waliuziwa zile kuukuu kwa bei ya chini. Akaipandisha moja kwenye basi pamoja na modemu ndogo ya kuchomeka, ili tuwe tunaonana uso kwa uso. Mama yake tulikuwa tumemzika miaka miwili kabla. Chumba cha mbele nilikuwa nimempangisha mama mmoja Mkongomani aliyekimbia Beni, muuza mawese. Vyumba vingine vitatu vilikuwa vyangu, na mtu mmoja hawezi kuvijaza vyumba vitatu hata akikohoa kwa bidii.

Mwanzoni tulionana karibu kila wiki. Uso wake ulikuja kwa vipande, mdomo ukichelewa nyuma ya maneno, lakini ulikuwa uso wake. Kisha wiki zikawa miezi, na picha zikawa simu za dakika moja: "Baba, uko sawa? Kale, nitapiga," hilo kale likiwa ni "haya basi" ya Kiganda. Simlaumu. Hapana, namlaumu, lakini kidogo. Mimi niliwahi kukaa barabarani siku arobaini bila kutuma hata salamu, naye akiwa bado ananyonya.

Siku moja nilikuwa natazama bei za matairi, kwa mazoea tu, maana lori nilishaliuza. Ghafla ngao nyekundu ikajaa kwenye kioo na king'ora kikalia. Niliambiwa mashine yangu ina virusi thelathini na nane, na nikitaka kuokoka niandike namba za kadi ya benki. Niliamini. Kadi ndiyo sikuwa nayo. Wangetaka pesa kwa simu, wangezipata kabla ya adhuhuri. Kila nilichobonyeza kilikataa kufunguka, hata ile programu ya kuonana na binti yangu, eti nayo imeambukizwa.

Nikambipu. Akapiga papo hapo.

"Baba, hiyo kitu ni mwizi," akasema. "Virusi hakuna. Yenyewe ndiyo virusi. Usilipe, usiguse, nisomee tu inasema nini."

Kusoma halikuwa jambo jepesi. Wanaokaa Bwera wanajua: sebuleni kwangu simu ilikamata mtandao wa Kongo, ambao unakula salio hata unapopigiwa. Kwa simu, mtandao wa Uganda ulipatikana mlangoni mwa jikoni tu, na kompyuta ya mezani haikuweza kunifuata huko. Isitoshe, Kiingereza changu ni cha vibao vya barabarani. Basi nikachukua daftari, nikanakili onyo lote herufi kwa herufi, nikaenda nalo mlangoni kumsomea. Alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu msiba wa mama yake.

Tulikubaliana iwe Jumapili, siku asiyofanya kazi. Jumapili ya kwanza niligeuka tarishi: natoka mlangoni na agizo, naenda sebuleni kulitekeleza, nanakili jibu la mashine, narudi. Aliniambia niizime, niiwashe, na kabla picha haijatokea nibonyeze kitufe cha F8 mfululizo, ili iamke katika hali ya usalama ambamo yule mwizi huwa amelala. Nilichelewa mara nne. Mashine ile ilihitaji dakika kumi kuwaka, na katika hizo dakika kumi hatukuwa na la kufanya ila kuongea. Hapo ndipo nilipojua kwamba goti lake linamuuma akipanda ngazi. Kwamba kuna mwanamume alitaka kumposa, akamkataa, na sasa anajuta. Kwamba kila Jumapili anapika mchuzi wa mama yake na haufanani.

Jumapili ya pili umeme ulikatika kabla hatujafika popote, tukaongea mpaka simu yangu ikaisha chaji. Jumapili ya tatu nilikuwa na flashi aliyoituma kwa basi, yenye programu ya kusafisha. Safari hii niliiwahi F8. Mwizi alikuwa amejificha kwenye faili lenye jina la herufi zilizovurugika, lisilosomeka. Nikalifuta kama nilivyoelekezwa, nikaiachia programu ikapekua mashine nzima, nikaizima na kuiwasha tena. Nikangoja ngao. Haikuja. Nikabonyeza hiki na kile, vyote vikafunguka.

Furaha yangu ilidumu kutoka sebuleni hadi mlangoni mwa jikoni. Nilipoinua simu niliona kinachofuata: atafurahi, atanipongeza, kisha atasema kale, nitapiga.

"Baba, imetoka?"

"Bado," nikasema.

"Inasema nini?"

Daftari lilikuwa mkononi. Nikalifungua, nikamsomea onyo la wiki ya kwanza, polepole, herufi kwa herufi.

Wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilikuwa naficha kupona. Jumapili moja virusi vilikuwa thelathini na nane, iliyofuata nikavipandisha hadi hamsini na mbili, naye akashtuka kwamba vinazaliana. Katikati ya wiki aliwauliza wenzake ofisini, akaniletea mbinu mpya, nami nikasimama mlangoni kungoja dakika kumi za kuwaka kwa mashine ambayo hata sikuwa nimeigusa. Kumwona kwenye picha sikuthubutu tena, maana angejua. Niliutoa uso wake nikabaki na sauti yake, na kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi nilikaa mbele ya mashine nzima isiyo na kazi. Niliona aibu. Upweke ulikuwa mkubwa kuliko aibu.

Mpangaji wangu ndiye aliyenikamata. Alikuwa ametoka misa, akaja kuomba chumvi, akanikuta nasoma kwa sauti mlangoni. Alikuwa amepitia sebuleni, ameona kioo kimezima. Akasubiri mpaka nilipokata simu.

"Papa, unamudanganya mutoto," akasema.

"Nikimwambia kweli ataacha kupiga."

"Miye batoto bangu bako Beni. Simu haiingii. Kama mumoja angeniita, miye pia ningemudanganya." Akachota chumvi yake. "Lakini atajua. Batoto banajuaka."

Jumapili iliyofuata binti yangu hakuleta mbinu yoyote.

"Baba, kwa simu nimeshindwa," akasema. "Nakuja Ijumaa. Nimepata ruhusa siku tatu."

Nilikuwa na siku nne za kumwambia kweli. Neno moja tu, imepona, nalo lingemwacha Kampala. Kila siku nilichukua simu, nikaiweka. Badala yake nilipaka chokaa chumba chake, nikaagiza kuku kutoka Kisinga, nikanyoa ndevu. Nilijua naharibu, na niliendelea tu, kama dereva aliyekatikiwa breki mteremkoni: unashika usukani, basi.

Alifika Ijumaa saa nne asubuhi kwa boda, mwembamba kuliko sauti yake. Chai aliikataa, alitaka mashine kwanza. Akakaa, mkoba mapajani, akaiwasha, na zile dakika kumi tulizimaliza bila neno. Ikawaka safi. Akafungua kila kitu, akachomeka flashi aliyokuja nayo, akaipekua mashine kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakukuwa na kitu.

"Ilitoka lini?"

"Jumapili ya tatu."

Akahesabu kwa vidole. Zilikuwa Jumapili saba. Akanyoosha mkono akalichukua daftari lililokuwa kando ya kompyuta, akapitia kurasa zangu moja baada ya nyingine, zile herufi kubwa za mzee asiyejua anachoandika, akaliweka taratibu.

"Kazini nimedanganya, Baba," akasema. Hakupandisha sauti. "Hawawezi kutoa ruhusa juu ya kompyuta. Niliwaambia baba yangu iko mgonjwa sana."

"Hukudanganya," nikamwambia.

Akaizima mashine. Kisha akageuza kiti, akanitazama mimi.