Joyeuse, Fundi Aliyechukuliwa Njia ya Marabo

Mtaani Bigo, mjini Bunia, mashariki ya Kongo, mtu akisema "peleka kwa Joyeuse," hakuna anayeuliza ni kitu gani kinapelekwa. Ni kompyuta imekufa. Joyeuse anafanyia kazi barazani kwa dada yake Régine, juu ya meza aliyoitandika mpira wa gurudumu la kamyo ya mizigo. Hapo hufungua masanduku ya chuma, hupuliza vumbi jekundu la Bunia, hukwangua kutu, hutoa mende waliokufa kwa joto. Mashini inayokataa kuwaka huisikiliza kwanza. Ikilia mlio mrefu na mifupi, anajua inalalamikia kibao cha kumbukumbu. Ikinyamaza kabisa, anaanzia kwenye umeme.

Ufundi aliupata kwa sababu ya vita. Alizaliwa upande wa Djugu, kwa watu wa kulima maharage na mihogo. Alikuwa msichana wakati watu wa mapanga walipoingia kijijini, asubuhi, watu wakiwa wanajitayarisha kwenda shamba. Mama yao alikatwa mlangoni pa jiko, akaangukia moto aliokuwa anauwasha. Baba yao aliingia ndani kutafuta mkuki na nyumba ikachomwa akiwa humo. Régine alimvuta Joyeuse kwa nguo, wakapita migombani, na nyuma yao walisikia watu waliowajua wakilia kwa sauti wasizowahi kuzisikia. Bunia walilala chini ya hema la plastiki katika kambi ya waliokimbia, mpaka Joyeuse akapata kazi ya kufagia kwa muzee Augustin, aliyekuwa na chumba cha kompyuta za kulipia. Augustin alimwona anachungulia kila sanduku lililofunguliwa, akampa turnevisi, bisibisi yake ya kwanza. Alipozeeka na kufunga chumba chake, wateja wakamfuata Joyeuse.

Mmoja wa wateja hao alikuwa Monsieur Michel, mwalimu mstaafu wa Marabo, kijiji cha nje ya mji, ambaye miguu yake haikumbeba tena. Kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa inazimika yenyewe. Joyeuse alikwenda, akaifungua, akakuta kisanduku cha umeme, ambacho mafundi wa kwetu wanakiita alimantasyo, kimechoka, diski inakwama, na kumbukumbu ni ndogo mno. Alimwahidi kurudi na vyuma vipya.

Ndivyo alivyojikuta amepanda pikipiki ya jirani yake Rodrigue, mfuko wa vyuma umefungwa tumboni. Njia ilikuwa imetulia, watu walisema. Rodrigue aliendesha akipiga mluzi.

Gogo lilikuwa limelazwa barabarani, baada ya kona. Rodrigue alipolishtukia alifunga breki, akaanza kugeuza. Risasi ilimpata shingoni. Pikipiki iliwaangukia, bomba la moshi likamchoma Joyeuse kwenye shavu la mguu, na hakuweza kuutoa kwa sababu Rodrigue alikuwa juu yake, mzito, damu yake inamwingia Joyeuse machoni. Watu walitoka majanini. Walimvuta Rodrigue pembeni, na ingawa alikuwa amekwisha kukata roho, mmoja alimkatakata kwa panga kama mtu anayepasua kuni, bila hasira yoyote usoni.

Mwingine alifungua mfuko. "Hii nini? Bombe?"

"Ni vyuma ya ordinatere, ya kompyuta," Joyeuse akasema. "Niko fundi."

"Weye? Mwanamuke?" Akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Jino lilitoka.

Aliyekuwa na panga alikuwa analifutia kwenye koti la Rodrigue. Alisema bila kugeuka, "Acha kumuuwa. Mukubwa iko anatafuta fundi."

Walitembea naye mpaka jua likaegemea. Kila alipoanguka walimwinua kwa teke. Kambi ilikuwa kwenye uwazi wa msitu juu ya kijito: vibanda vya majani, moto wa kupikia, na mwanamke mmoja aliyekuwa anatwanga mihogo huku mlinzi amekaa nyuma yake. Mwanamke huyo hakuinua kichwa. Baadaye Joyeuse alijua kwamba anaitwa Fanny, ni mkulima wa Irumu, na kwamba mlinzi yule ndiye aliyempiga mume wake risasi mbele yake, kisha akamchukua awe wa kumpikia.

Mkubwa wao walimwita Commandant Prudent. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya upole, na hakuacha kutafuna kijiti. Alimwonyesha Joyeuse kibanda kilichokuwa na kompyuta ya mezani, kioo chake, na grupu, jenereta ya umeme, nje. Kompyuta ilitoka katika nyumba ya mtu. Upande mmoja wa sanduku ulikuwa na alama za vidole vya damu iliyokauka, vidole vidogo.

"Inalia, inakataa," Prudent akasema. "Niko na video za vita yetu mu telefone. Nataka vijana waone ku kioo kikubwa. Utengeneze."

"Na nikitengeneza, mutaniachilia?"

Prudent aliwaza, kana kwamba ni swali la haki. "Ukishindwa, utakufwa leo. Ya kesho tutaongea kesho."

Joyeuse aliifungua. Midomo ilimvimba, kidole kimoja kilikuwa kimevunjika alipoanguka, lakini mikono ilijua njia. Aliichomoa kumbukumbu, akasugua meno yake ya shaba kwa upindo wa kitambaa chake, akairudisha mpaka ikalia *ta*. Grupu iliwashwa. Mashini ikaamka.

Vijana walijazana kibandani kushangilia. Halafu video zilianza, na Joyeuse hakuruhusiwa kutoka. Aliona kijiji, aliona mzee amepiga magoti, aliona mambo ambayo mpaka leo hajamsimulia hata Régine. Wale waliokuwa ndani ya kioo walikuwa haohao waliosimama kando yake, na walikuwa wanacheka wakijitambua. Joyeuse alitapika. Mmoja alimkandamiza uso kwenye matapishi yake.

Kulipokucha Prudent alikuja na ule mfuko wa vyuma wa Joyeuse. "Mashini iko pole sana. Video inakwama. Vijana wanasema uko na vyuma ya kuongeza nguvu."

"Iko. Disque mpya na kumbukumbu."

"Uweke. Ukimaliza, utabaki na siye. Fundi ni mutu wa maana. Nitakupatia bwana."

Aliyasema kama anayempa zawadi. Joyeuse aliinama juu ya sanduku ili asimwone usoni. Aliweka kumbukumbu mpya karibu na ile ya zamani, akafunga diski, na alipogeuza mashini kurudisha mfuniko, akaona nyuma, juu ya kisanduku cha umeme, kile kitufe kidogo chekundu cha visanduku vya zamani. Kinachagua umeme: upande mmoja ule wetu, upande mwingine ule mdogo wa nchi za mbali, nusu yake. Kikiwekwa kwenye ule mdogo halafu ukaingiza umeme wetu, kisanduku kinapasuka. Kwa muzee Augustin, mteja mmoja alikichezea, na watu wote wa chumba walilala chini wakidhani ni bunduki.

Alikaa na jambo hilo huku anajifanya anakaza skrubu. Alijua watu wa kambi hii walikuwa wanangoja shambulio la jeshi. Walilala na bunduki, walishtuka kila tawi lilipovunjika. Na alijua kwamba mlio ule ukishindwa kuwatawanya, atakatwa vipande.

Aliomba maji. Prudent akaita jina la Fanny, naye akaleta kikombe, mlinzi nyuma yake akapiga miayo. Joyeuse alipopokea alimnong'oneza, "Ukisikia mulio, kimbilia mutoni. Usiniulize."

Fanny alimtazama kwa mara ya kwanza. "Leo?"

"Sasa hivi."

Fanny akarudi kwenye kinu chake. Joyeuse akasikia mchi umeanza tena kutwanga, taratibu zaidi.

Akasukuma kitufe kwa ukucha. Kilikuwa kigumu, kikakubali.

"Mukubwa," akasema, "kidole yangu imevunjika, mukono inatetemeka. Weye mwenyewe ingiza kamba ya moto hapa nyuma. Kisha utaona vile inaenda mbio."

Prudent alicheka, akatupa kijiti chake, akapiga magoti nyuma ya mashini. Grupu ilikuwa inanguruma. Joyeuse alirudi nyuma hatua kwa hatua, amejifunika kichwa kama mtu mwenye maumivu. Aliona mkono mwembamba wa Prudent unaingiza waya.

Kisanduku kilipasuka kwa mlio mmoja mkavu. Moto mweupe na vipande vya chuma vilitoka kwenye matundu ya kisanduku na kumwingia Prudent usoni. Alianguka chali ameshika macho, anapiga kelele kama mbuzi. Moshi mchungu ulijaa. Nje, mtu alipiga ukelele, "Jeshi! Jeshi!" na bunduki ya kwanza ikalia, na nyingine ikajibu. Walipigana wenyewe kwa wenyewe. Walipiga kibanda, walipiga majani, walipiga wenzao waliotoka mbio vibandani wakiwa uchi. Kijana mmoja alimpita Joyeuse akiwa ameshika matumbo yake mikononi, anaita mama yake.

Joyeuse alikuwa amefika karibu na jiko aliposhikwa nywele kwa nyuma. Alikuwa yule mlinzi. Alimwangusha, akamkanyaga kifua, akaanza kuinua bunduki. Kisha kichwa chake kiliinama upande kwa namna isiyo ya kawaida, na Joyeuse akamwona Fanny nyuma yake na mchi.

Mlinzi alianguka. Fanny alimpiga tena. Alimpiga usoni, alimpiga tena mahali palipokuwa uso, na unga wa mihogo uliokuwa kwenye mchi ukawa mwekundu. Alipumua kwa nguvu kama anapotwanga.

"Amekwisha kufwa!" Joyeuse alimshika kiuno. "Fanny, amekwisha. Twende!"

"Bado."

"Watatuuwa!"

"Bado, nimekuambia!"

Risasi ilivunja chungu kando yao. Hapo Joyeuse alimkumbatia kwa nyuma akamburuta, na walianguka pamoja mpaka kijitoni, wakafuata maji yaliyowafika kiunoni. Nyuma yao milio iliendelea, ikapungua, ikawa ya hapa na pale. Hakuna aliyewafuata. Pengine hawakubaki wengi wa kufuata.

Walipotokea barabarani, wanajeshi wa serikali waliwashika. Waliona damu, unga, nguo zilizochanika, wakasema hawa ni wake za waasi. Mmoja alimpiga Fanny kofi, na Fanny akamrukia kwa kucha. Walimwangusha chini, wakamwekea bunduki kisogoni. Akina mama waliokuwa wanarudi kutoka mashambani wakapiga kelele, na mmoja wao, Mama Ornella, muuza mawese wa Marabo, akamtambua Joyeuse.

"Huyo ni fundi wa Bunia! Alikuja kwa Monsieur Michel! Mutauwa watu ya Mungu?"

Alijitupa juu ya Fanny, na mwanajeshi akaondoa bunduki.

Mwili wa Rodrigue watu walikuwa wamekwisha kuuokota. Joyeuse alikuta amezikwa. Mke wake Noëlla alimkaribisha, akamketisha, akamuuliza kama mume wake aliteseka. "Risasi ya kwanza ilimumaliza," Joyeuse akajibu, na hilo lilikuwa kweli. Habari ya panga Noëlla alikuwa amekwisha kuiona mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyemwosha. Walilia wote wawili mpaka sauti zikakauka.

Fanny alikaa Bigo, chumba kimoja na Joyeuse, mpaka mbavu alizoumizwa na wanajeshi zilipopona. Alifua, alipika, alikataa kugusa kinu cha Régine. Joyeuse naye alikaa mbele ya meza yake bila kufungua kitu. Masikioni mwake bado alimsikia Prudent analia. Hakujua kama yule mtu alikufa au yuko mahali fulani amepofuka, na hakuna aliyeweza kumwambia.

Jioni moja, wakichambua maharage, aliuliza. "Fanny. Unafikiri walikufwa wangapi?"

"Kwa nini unataka kujua?"

"Nilisukuma kitufe kidogo tu. Kwa ukucha."

Fanny aliokota jiwe katika maharage, akalitupa uwanjani. "Miye ninajua mumoja tu. Huyo nilimufanya kwa mikono yangu, na bado ninamuota. Lakini nikiamuka ninakula." Akamsogezea ungo. "Hawa wengine walijiuwa wao wenyewe. Chambua."

Walichambua. Kesho yake mwanamke mmoja wa jirani, Viviane, alileta kompyuta ya wanawe iliyokuwa inapiga kelele kama kinu cha kusaga. Joyeuse akaivutia mezani, akaitisha turnevisi. Ilikuwa feni tu, imejaa nywele na vumbi. Aliisafisha, akaipaka mafuta, akamwomba Fanny asogee ndani wakati wa kuwasha, isije ikapasuka. Fanny alikataa. Alisimama mlangoni, mikono imekunjwa, mpaka mashini ilipowaka.