Kuku wa Igoki na Samaki wa Nyaga

Mimi sasa ni mzee, meno yangu unaweza kuyahesabu kwa mkono mmoja, kwa hivyo wacha niseme tu: kuna siku nilisimama katikati ya boma yangu hapa Kibugu, mbele ya wanawake wote wa kanisa, nikadanganya, na uongo wangu ukatolewa ndani ya kiondo changu mwenyewe ukiwa bado na mvuke. Darasa nilifika la tatu peke yake, lakini majina sisahau, na ya siku hiyo hata ningetaka yatoke hayatoki.

Nyaga ndiye kifungua mimba wangu. Alifanya kazi Mombasa kwa hoteli, na kazi yenyewe ilikuwa kutunza samaki wa baharini wanaokaa ndani ya sanduku kubwa la kioo, si wa kula, wa kutazama tu (hata mimi nilicheka nilipoambiwa), halafu mwenye hoteli akafungua nyingine Meru mjini, akamleta Nyaga na kioo na samaki. Huko Meru ndiko alimwoa Kanana. Katikati ya ile miaka ya tisini hoteli ikafungwa, tajiri akamwambia Nyaga, hao samaki ni wako, mimi sina haja nao. Lakini wakati huo Nyaga alikuwa ameanza kukohoa na kukonda, Kanana akamleta nyumbani, tukamlaza kile chumba kinachotazama majani chai. Hakuitisha nyama, hakuitisha dawa. Kila asubuhi ni neno moja: "Mama, samaki wangu. Nataka kuwaona nikiwa nimelala hapa."

Samaki walikuwa wamebaki kwa Mutwiri, rafiki yake waliyefanya kazi naye, mwenye pikapu. Kanana hangeweza kutoka kando ya mgonjwa, nikasema nitaenda mimi. Nyaga akanifundisha kama mtoto: samaki wanaingia kwa ndoo zenye vifuniko, mawe yao yanaingia kwa pipa, maji ni yale yale yao ya chumvi, na kuna kamashine ka kuwapulizia hewa ambako kanatumia umeme wa gari, ukizima gari nako kananyamaza. "Gari isizimwe, Mama. Mkitoka Meru, ni kufika tu. Hata mkikuta askofu barabarani, mpungieni mkono mpite."

Nikasema ndiyo. Tena kabla ya kuondoka nikapitia kwa Wanjira, kiongozi wa wanawake wa kanisa, nikamwambia Alhamisi waje wote kwangu, Kibugu itaona bahari. (Nani alinituma? Hakuna.)

Tulitoka Meru asubuhi, kioo kimefungwa kwa mablanketi, ndoo zimepangwa nyuma. Nkubu tukapita vizuri, Chuka tukapita vizuri, na kila mara nikigeuka nilisikia maji yakitokota kwa ile hewa, nikawa nafurahi kama mtu anayepeleka bibi harusi. Kufika Runyenjes, nani amesimama kando ya barabara na mzigo wa nyasi ya ng'ombe? Dada yangu Igoki. Tumenyonya titi moja. Sasa nimpite vipi?

"Mutwiri, simama dakika tano tu nimsalimie."

"Mama Nyaga, si tuliambiwa…"

"Kwani kusalimia ni kuzima gari? Simama."

Igoki akaja mpaka dirishani, akaniangalia. "Unanisalimia ukiwa ndani kama polisi? Ingieni kwa boma!" Tukaingia. Mutwiri akashuka, gari linanguruma, na Igoki akashika kiuno. "Na hiyo kelele? Mnataka kutoroka? Mimi sipikii watu chai injini ikiendelea, watu watasema nimewafukuza."

Mutwiri akanitazama. Hapo ndipo ningesema hapana, ni neno fupi tu, hata mtoto analijua. Nikasema, "Zima kidogo."

Chai ikawekwa motoni. Halafu nikasikia jogoo akipiga makelele nyuma ya ghala, kumbe ni Igoki na mume wake Ireri wanamkimbiza, mmoja huku mmoja kule, na jogoo mwenyewe alikuwa na mbio kuliko wote wawili. Niambieni nyinyi, mtu ataaga saa ngapi kuku wake akiwa tayari ameshikwa miguu? Nikakaa. Kuku akaiva, na kabla ya kula Ireri akasimama kuomba, akaomba mvua, akaomba ng'ombe, akafika kifua cha Nyaga na hapo akakaa, akautaja kila ubavu, na mimi nikalia, nikasahau kabisa kwamba nje kuna kitu cha Nyaga kinachohitaji kupumua.

Tulipotoka jua lilikuwa limeshahamia upande wa pili wa nyumba. Mutwiri akafunua ndoo ya kwanza. Samaki walikuwa wamelala ubavu, wengine wanafungua mdomo na kufunga. Akakimbia kuwasha gari, kamashine kakaanza, lakini hawakuinuka.

Igoki akachungulia. "Hao wamekosa chumvi. Hata ng'ombe wangu akikosa hulegea hivyo hivyo." Akaleta chumvi ya ng'ombe, ile ya kulambwa, iliyosagwa. Mutwiri alikuwa mbele anakanyaga mafuta injini isizime, hakuona. Nikapokea, nikatia, mkono huu. Konzi kwa kila ndoo. Maji yakageuka rangi ya udongo. Halafu Igoki akanifungia mapaja ya kuku ndani ya jani la mgomba, akatia kwa kiondo changu: "Ya Nyaga."

Kibugu tulipokelewa kwa nyimbo na vigelegele. Wanjira alikuwa mbele, na kitambaa kipya kichwani. Kanana akamtoa Nyaga mpaka mlangoni, amezungushiwa blanketi, anatabasamu, na tangu aletwe sikuwa nimeyaona meno yake. Wanjira akafunua ndoo kabla sijamzuia.

"Ee, Mama Nyaga! Bahari yako mbona inanuka?"

Nyimbo zikakatika moja moja. Nyaga hakuhitaji kusogea, aliona nyuso zao. Akauliza polepole, "Gari lilizimika wapi?"

Nikasema, "Liliharibika. Pale Chuka."

Mutwiri akaangalia viatu vyake. Wanawake wakaanza kumwambia Mutwiri pole, hizi gari jamani, na Wanjira, kama desturi yetu ya kumpokea mtu mzigo, akanivua kiondo mgongoni. Akakihisi moto. Akafungua.

"Na hii kuku? Kumbe Chuka gari likiharibika mnachinjiwa?"

Mtu mmoja akacheka, akajifunika mdomo. Nilitamani ardhi ya majani chai inifunike. Lakini Nyaga akanusa, akasema, "Hiyo ni ya Tata Igoki" (tata kwetu ni dada ya mama), akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakataa kuisha, Kanana amemshika mgongo, na sisi wote tumesimama na mikono mitupu.

Alipopata pumzi akasema, "Waleteni niwaone."

Tukawapanga kwa sinia. Akawashika mmoja mmoja. Huyu wa rangi ya chungwa analala ndani ya ua la baharini na halimuumi. Huyu kamba mwekundu anawasafisha wenzake meno. Huyu wa buluu alimlea kutoka akiwa kama ukucha. Wanawake wakakaa chini, Wanjira akavua kitambaa chake akawafunika samaki. Mimi nilingoja Nyaga anikemee. Ningelala vizuri kama angenikemea. Badala yake aliitisha kuku, akala mapaja yote mawili, akasema ni tamu.

Aliondoka kabla maharagwe hayajatoa maua. Siku ya mazishi Igoki alinishika mkono akaniuliza, "Na wale samaki, walifika?" Nikamwambia walifika. Wanawake wa Kibugu walikuwa wamekaa hapo karibu, na midomo yao naijua, lakini siri hiyo moja wamenisitiri mpaka leo.

Tangu siku hiyo nikibeba kitu cha mtu, hata kama ni sufuria ya kurudisha, siingii kwa mtu. Kwa Igoki napita nikipunga mkono. Yeye huambia watu kwamba dada yake siku hizi ana maringo. Mwacheni aseme.