Chungu Kilichobaki Mtumbwini

Mtumbwi ulikuwa mbele yetu, karibu kiasi kwamba nilimtambua kila mtu kwa shati lake, na hatukuweza kuufikia.

Tulikuwa majirani wa mtaa wa Kaloleni, waimbaji wa kwaya moja, na tulikuwa tumetoka Kisumu siku chache kabla tukipiga kasia kando ya ufuo wa kusini wa ziwa, tukilala kwenye mahema. Asubuhi ya jana yake tuligawanyika. Wenye miguu mizuri tulipanda Vilima vya Homa ili kuteremkia upande wa pili. Wenye mikono yenye nguvu walizunguka rasi na mtumbwi na mizigo yote. Tulipanga kukutana jioni kwenye ghuba ndogo isiyo na kijiji wala barabara. Tuliichagua kwa sababu ya utulivu wake.

Mdogo wangu alitembea nasi. Ana kisukari tangu utotoni, kile cha kujidunga insulini asubuhi na jioni. Dawa hiyo haivumilii joto. Tulipokwenda matangani siku za nyuma iliharibikia kwenye mkoba wake, akaishia kulazwa. Kwa hiyo safari hii tulijiona werevu: kichupa na sindano tuliviweka ndani ya chungu cha udongo, chungu tukakikalisha kwenye karai la mchanga uliolowa maji, juu tukafunika gunia bichi, kama mama zetu walivyopoza maji ya kunywa. Karai likawekwa chini ya ubao wa kukalia mtumbwini. Asubuhi hiyo alijidunga, akarudisha kichupa chunguni, tukaanza kupanda. Hakuna aliyegundua kwamba tumemtenganisha na dawa yake.

Jioni, mtumbwi ulipoingia ghubani, upepo uligeuka na kuleta gugumaji nyuma yake. Tuliokuwa ufuoni tuliliona likija, zulia zima la kijani lenye maua, likauzunguka mtumbwi na kutulia. Makasia yalikwama. Shemeji, mume wa mdogo wangu, alijitosa majini aogelee. Mizizi ilimfunga miguu, wenzake wakamvuta kwa kamba akiwa amekunywa maji mengi, na simu yake imelowa. Zetu hazikuwa na mtandao.

Sauti ilipita juu ya gugumaji vizuri kuliko mtu.

"Chungu kiko?" mdogo wangu aliita.

"Kiko! Kimekaa kivulini kama mheshimiwa, sisi ndio tunaungua!" akajibu mmoja wao.

"Baba," akamwita mumewe, "usiruke tena. Kiboko hajui wewe ni mume wa mtu."

Tulicheka. Hiyo ilikuwa jioni.

Kulipokucha gugumaji lilikuwa palepale. Shemeji alisimama mbele ya mtumbwi aking'oa mimea kwa mikono, wenzake wakisukuma kwa makasia, na kila walipojisogeza kidogo pengo lilijifunga nyuma yao. Mdogo wangu alikuwa ameshaanza kutapika. Alikunywa maji bila kukoma na kiu haikuisha. Alipumua kwa kina, kama mtu aliyekimbia, na pumzi yake ilikuwa na harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nilikuwa nimeinusa harufu hiyo mara moja tu, siku alipolazwa.

Ufuoni tulikuwa wanne: mimi, yeye, mwalimu wetu wa kwaya, na fundi wa pikipiki anayefanyia kazi Manyatta, mwenye sauti nzito kuliko sote. Barabara ilikuwa upande wa pili wa kilima, tulikotoka. Tukimbeba, mtumbwi unaweza kunasuka na dawa ikafika kwenye ufuo mtupu. Tukisubiri, huenda usinasuke kabisa. Tulibishana kwa kunong'ona, kana kwamba hasikii.

"Nibebeni," akasema. "Hapa namwangalia tu akijikata mikono."

Fundi alimfunga mgongoni kwa leso kama mtoto. Tuliwapigia kelele walio mtumbwini kwamba tunavuka kilima.  Shemeji aliendelea kung'oa.

"Ukinitapikia shingoni nitakutoza," fundi akamwambia njiani.

"Utanidai mbinguni."

"Wee! Nyamaza, jamani, yawa."

Begani mwa kilima fundi aliishiwa na pumzi, tukaketi. Simu yangu ikashika mtandao, nikampigia dereva wa pikipiki anayemjua fundi, akakubali kutungoja pale tulipolala juzi, kwenye ufuo tulikogawanyika. Kisha nikatazama chini, na nikaona kitu ambacho hakionekani ukiwa usawa wa maji. Nyuma ya mtumbwi, kando ya mafunjo, palikuwa na mstari mweusi wa maji wazi hadi ziwani. Wao walikuwa wameupa mgongo. Walikuwa wakijivuta kuelekea ufuoni, kuelekea pale alipokuwa mgonjwa wao, na kila mche waliong'oa uliwatenga na njia.

Tulipiga kelele mpaka tukakauka. Hawakusikia.

Ndipo mwalimu akapanda juu ya jiwe, akafungua leso aliyojifunga kiunoni na kuipunga hadi wakatazama juu. Akainua mikono miwili, akaikutanisha juu ya kichwa, akaifagia nyuma. Kila mwimbaji wetu anaijua ishara hiyo. Tukiharibu wimbo, hutaka turudi mwanzo, na hatumuulizi kwa nini. Mtumbwini watu waliacha makasia. Shemeji pekee aliendelea kung'oa. Mwalimu akarudia, safari hii mkono mmoja kiunoni, kama anavyofanya akikasirika. Nilimwona shemeji akisimama wima, akitazama ufuo tuliouacha, kisha akageuka.

Sauti ya kwanza hukaa kushoto kwa mwalimu, besi kulia. Alipoelekeza leso huko na huko walijua wapi pa kusukuma. Mtumbwi ukaanza kuondoka.

"Wanakwenda wapi?" mdogo wangu akauliza, macho nusu yamefumbwa. "Ananiacha?"

"Anazunguka rasi akuletee dawa," nikamwambia. Sikuwa na hakika kwamba amesikia.

Tulifika chini kabla yao. Pikipiki ilikuwepo, na mdogo wangu alikuwa ameacha kujibu mizaha ya fundi. Mtumbwi ulipoonekana, shemeji aliruka maji yakiwa kifuani, chungu amekipakata. Mikono yake ilikuwa imechanika, ya kijani hadi kwenye viwiko, na ilikuwa imevimba kiasi kwamba hakuweza kushika sindano. Nilichukua mimi. Sikuwahi kumdunga mtu. Mdogo wangu alifungua macho, akashika kifundo cha mkono wangu, akanisogeza hadi mahali penyewe kwenye tumbo lake.

"Polepole," akasema. "Huchinji kuku."

Walimpakia kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mumewe, kwenda hospitali. Hakuinua kichwa kutuaga. Mwalimu alibaki amesimama ufuoni, leso bado mkononi, akitazama barabara hata baada ya mlio kupotea.