Kadi ya Nyati na Mkaja wa Hajira

"Mwambie mumeo, na umwambie vizuri, hiyo kadi nimeitoa mara nne na mara nne ameirudisha. Jana usiku imenishusha daraja. Sasa mimi na yeye, nani anacheza?"

Hajira aliyasema hayo akiwa kwenye cherehani chake, mguu kwenye pedali, pini mbili zimebanwa pembeni mwa mdomo, na bado sauti ilivuka barabara ya Manundu, Korogwe, ikawafikia wauza nyanya. Mkwewe Ramadhan alikuwa amekaa barazani, nyuma ya pazia la mlango, hatua tatu tu kutoka alipo yeye. Kati yao, mlangoni, alisimama Munira, binti wa huyu na mke wa yule, mtoto mgongoni.

"Mama anasema kadi ameitoa mara nne," Munira aliliambia pazia.

"Nimesikia. Mwambie mama, bila Nyati hatutoki pale tulipo. Kadi zake zote ni za kuku. Tutadonoa mpaka lini?"

"Mama, anasema kadi zako..."

"Sina pamba masikioni! Mwambie kuku wangu hawajawahi kumlaza mtu njaa."

Hilo halikuwa tena la kadi.

Josefina, jirani aliyekuja kupimwa gauni la kwaya, alikuwa amesimama katikati ya chumba na mikono kaitanua, tepu ya kupimia inaning'inia kifuani. Alichoka kusubiri. "Nyie Wazigua mna mambo," alisema. "Babu yangu alitoka Msumbiji kwa miguu kuja kukata mkonge hapa, hajui hata kuomba maji, na hakuhitaji mkalimani wa hatua tatu."

"Shusha mikono, Josefina. Nimeshakupima tangu saa ile."

"Na hukuniambia!"

Katika ukoo wa Hajira, wa huko Komkonga, Handeni, mwanaume hasemi na mama mkwe wake uso kwa uso mpaka awe ametoa mkaja. Mkaja ni haki ya mama kwa kulibeba tumbo: kwao ni doti ya kanga na mbuzi jike, basi. Mahari wanaume waliipokea, wakaigawana, wakaisahau. Mkaja wa mama ukaahidiwa mavuno yakitoka. Miaka sita sasa mavuno yametoka na kuingia, na mbuzi hajaonekana hata kwato. Kwa hiyo Ramadhan akija, hukaa barazani na macho yake barabarani, na Munira hubeba maneno kama mtu anayehamisha maji kwa kikombe.

Hii ilikuwa mara ya tatu anakuja kumfuata mkewe. Munira alikuwa ameingia mwezi wa tatu kwa mama yake, na ukimwuliza atarudi lini, jibu lilikuwa moja: "Mama akisema nirudi, nitarudi." Hajira alilichukia jibu hilo. Ni mzigo alioutua binti akambebesha mama, na mama ana goti bovu tayari.

Kisa chenyewe kilikuwa tikiti maji. Ramadhan ana ekari tatu Kabuku, ndani kidogo ya barabara kuu. Mwaka jana ekari zote tatu alizipanda tikiti, zivunwe mwezi wa mfungo bei ikiwa juu. Yeyote aliyepanda mahindi, Ramadhan alimwita mzembe. Tikiti zikatoka kubwa, watu wakasimamisha pikipiki kuzitazama. Kisha mvua ikanyesha siku kumi na moja bila kupumua, na shamba zima likaoza kwa pamoja, likinuka mpaka dukani. Munira akaanza kununua unga kwa kilo kwa majirani ambao mwaka uliotangulia yeye ndiye aliyewauzia. Alivumilia mpaka mtoto alipoanza kuwa na shingo nyembamba, akafunga kanga zake, akapanda basi.

Alipofika kwa mama yake alikuwa hali vizuri wala halali, anashika simu tu, anacheza kadi. Hajira alipozidisha maswali, binti akamfundisha mchezo ili apate nafasi ya kupumua. Hakujua anamfundisha nani. Hajira kaishia darasa la saba, lakini anaweza kukuangalia kiunoni ukiwa mlangoni akakwambia kitambaa chako hakitoshi. Wiki moja, akawa anamfunga mwalimu wake.

Mchezo si mgumu. Kila mmoja anapanga fungu la kadi kumi na mbili. Viwanja ni vitatu, zamu ni sita, na kila kadi ni mnyama mwenye namba ya nguvu. Mwenye jumla kubwa kwenye viwanja viwili, kashinda. Maandishi yote ni ya Kiingereza, kwa hiyo Hajira aliwapa wanyama majina kwa kuwatazama sura: Kwale, Bata, Punda, Kicheche. Nguvu mbili, tatu, tano, saba ikizidi sana.

Nyati ana kumi na nne. Ila Nyati akiingia uwanjani huanza na wa kwenu: kadi zako zote zilizotangulia pale huzikanyaga, zinakufa. Na mpinzani akiwa na kadi ya mtego, inayoua chochote kilichozidi kumi, Nyati naye anakufa, na wewe unabaki na uwanja mtupu kama mwenye nyumba aliyehamwa.

Hajira alimpima Nyati jinsi anavyopima kila kitu. Kumi na nne, toa watatu aliowakanyaga, wenye nguvu kumi na mbili kwa pamoja. Inabaki mbili. "Mbili ninayo kwa Kwale," alisema, "na Kwale hakanyagi mtu." Akamtoa.

Kesho yake asubuhi Nyati alikuwa amerudi kwenye fungu, Kwale katupwa nje. Ndipo alipojua kwamba akaunti wanayochezea Munira aliifungua zamani kwenye simu ya mumewe, na kule Kabuku mtu bado anaifungua. Akamtoa tena. Akarudishwa tena. Hakuna salamu, hakuna ujumbe. Kwa wiki tatu, hayo ndiyo yalikuwa maongezi ya mama mkwe na mkwewe, na Hajira, ingawa asingekiri hata kwa kiapo, aliamka kila siku akitaka kujua amejibiwa nini.

Lakini ubishi ule haukuwa wa kujifurahisha. Hajira alishaolewa na Nyati. Marehemu Athuman, mumewe, alikuwa fundi Old Korogwe mwenye vyerehani vitatu na foleni ya wateja. Wakati wa habari za dhahabu huko Handeni, aliuza viwili, akaenda machimboni. Akakaa mwaka na nusu. Alirudi na kikohozi, na kikohozi hicho kikamzika. Hajira alimuuguza kwa cherehani kilichobaki, hiki hiki. Lililomkera si umaskini. Lililomkera ni kwamba mpaka siku ya mwisho, mtu anatema damu kwenye kopo, anamwambia, "Tulibakiza mita mbili tu, Hajira. Mbili tu."

Sasa barazani kwake alikuwa amekaa mwingine, na binti yake anamngoja yeye aseme neno.

"Basi chezeni moja hapa hapa," alisema Josefina, akijitafutia kigoda. "Hiyo kadi ikiwemo. Tumjue mwongo."

"Kwaya inakusubiri."

"Kwaya itaimba bila mimi, na itakuwa nafuu kwao."

Hajira akachomoa simu chini ya vitambaa. Nyati hakumtoa. Alijisemea ni kwa kuwa bando linaisha leo.

Mpinzani alikuwa mtu wa mbali huko, jina lake namba tupu. Zamu nne za kwanza Hajira alicheza kimya, na Munira akampelekea mumewe habari. Uwanja wa kushoto, mama ana Punda, Bata na Kicheche, anaongoza. Wa katikati, umeshakwenda na maji. Wa kulia, mama ana Kwale peke yake, mpinzani ana tisa.

Zamu ya tano Nyati akaingia mkononi.

"Kaja," alisema Munira.

Barazani kigoda kililia. "Mwambie mama asimcheze sasa. Amshike mpaka zamu ya mwisho."

"Mwambie sikuwa na nia hiyo," Hajira alisema, ingawa alikuwa nayo. Kidole kilikuwa tayari kushoto, apate kuulinda uwanja wake.

Akacheza Kunguru katikati, zamu ikapita. Ikabaki moja.

"Kushoto mpinzani amesogea, mama anamzidi kwa mbili tu," Munira alisema. "Mama anataka kumweka Nyati kushoto."

"Hapana, hapana. Mwulize mama, pale kushoto Nyati atawakanyaga wangapi?"

"Watatu," Hajira alimjibu binti yake.

"Na kulia?"

"Kwale tu."

"Basi amweke kulia. Akishinda, tumeshinda. Akinasa kwenye mtego, tumepoteza Kwale. Kushoto kwetu panabaki pamesimama. Nyati haendi mahali ambapo mmeweka watoto wote."

Hajira alihesabu upya, midomo ikicheza. Jibu likawa lile lile, na lilimwudhi kwa kuwa sahihi. Huyu mtu anajua kupima. Siku zote alidhani hajui, akamsamehe nusu kwa sababu hiyo, kama unavyomsamehe kipofu akikukanyaga. Kumbe anajua. Akamweka Nyati kulia.

Nyati akaingia na vumbi lake, Kwale akapotea. Kumi na nne kwa tisa. Josefina alikuwa ameanza kupiga kigelegele pale mpinzani alipofunua kadi yake ya mwisho. Mtego. Nyati akaanguka kwa miguu yote minne, na uwanja wa kulia ukabaki mweupe. Simu ikaandika maandishi mekundu ambayo hata asiyejua Kiingereza anayaelewa.

"Tumefungwa," Munira aliliambia pazia.

Hajira aliendelea kuitazama simu kabla haijajifuta. Kushoto Punda, Bata na Kicheche walikuwa wamesimama vile vile. Akaiweka simu chini polepole, akatoa zile pini mdomoni.

"Mwulize mumeo," alisema, na sasa hakupaza sauti. "Mwaka jana kwenye tikiti, kushoto kwake palisimama nini?"

Munira alifungua mdomo kulipeleka swali. Hakuwahi.

"Hapakusimama kitu, mama."

Lilitoka lenyewe, limenyooka, kutoka kinywa cha mkwe mpaka sikio la mama mkwe, bila kupita kwa mtu. Munira akaziba mdomo kana kwamba ni yeye aliyekosea.

"Toba," Josefina alinong'ona. "Na mkalimani yupo!"

Ramadhan mwenyewe alisikika akivuta pumzi. Mkwe kumsemesha mama bila mkaja ni aibu ambayo dawa yake inajulikana: mama anainuka, anaingia chumba cha ndani, na hatoki mpaka mtu yule aondoke, na ujumbe unakuwa umefika kwamba asirudi. Mguu wa Hajira ulishatoka kwenye pedali. Goti likamwuma, akabaki ameinama nusu, mkono umeshika meza ya cherehani.

Hapakusimama kitu. Hakusema mvua. Hakusema bei, wala mbegu, wala zilibaki siku nne tu zivunwe. Hajira alikaa miaka mingi kando ya kitanda cha mtu akisubiri maneno matatu kama haya, hata mawili yangemtosha, na akapewa mita mbili za udongo.

Akakaa tena.

"Mwambie," alisema, "na mwaka huu?"

Ramadhan hakuthubutu tena kujibu wazi. Aliongea chini, na Munira akarudia neno kwa neno. Ekari moja muhogo. Moja na nusu mahindi, yako magotini. Nusu iliyobaki tikiti, kule bondeni. Na kuna kitu kingine, hakuja nacho mara mbili zilizopita kwa sababu aliona aibu, hakijatimia.

Mfuko mweusi wa dukani ukapenya chini ya pazia, ukisukumwa na vidole viwili.

Munira aliufungua. Ndani mlikuwa na doti moja ya kanga, haijakatwa, haijapindwa, bado ina ukakasi wa dukani.

"Mbuzi alikuwepo," Munira alirudisha maneno, na sasa alikuwa akimtazama mumewe kupitia upenyo wa pazia, si mama yake. "Anasema mbuzi wa mkaja alimuuza mwaka jana. Akanunua mbegu za tikiti."

"Hata mbuzi wa watu alimkanyaga!" Josefina alisema.

Hajira aliipokea kanga akaipitisha kati ya kidole na kidole, kama anavyofanya kwa kitambaa cha kila mteja. Ilikuwa nyepesi. Si mbaya. Kuna waliopewa nzuri kuliko hiyo, kisha waume zao wakawauzia masufuria.

"Mama," Munira aliuliza, "nirudi?"

"Usinibebeshe. Mimi namdai mkaja, simdai mke. Hilo ni lako."

Munira akampapasa mtoto mgongoni. Kisha akaligeukia pazia. "Jumamosi nitakuja Kabuku kuuona huo muhogo kwa macho yangu. Nikiukuta, tutaongea. Nisipoukuta, mabasi ya Korogwe hayajaisha barabarani."

"Utaukuta," alisema Ramadhan.

Hajira hakuingilia. Alikuwa ameshaikata doti katikati, kaukunja ukingo wa kwanza, kauingiza chini ya sindano. Pedali ikaanza kulia. Alipinda upande mmoja mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, na ndipo aliposema, bila kumtazama binti yake, akilielekea pazia mwenyewe:

"Ramadhan."

"Naam, mama."

"Mkaja nimeupokea. Mbuzi nimemsamehe, ningemfugia wapi hapa Manundu, kabatini? Haya, ingia, na mwenzako atoke hapo mlangoni. Mnanizibia mwanga."